Jembe Lisilo na Mpini

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka kwenye bati la jirani.

Shajara yangu, leo nina raha na nina wasiwasi, vyote kwa pamoja, na sijui nikae wapi. Nimefagia sebule ambayo nilikuwa nimeshaifagia. Nimebandika maharage na kila mara nayafunua kama vile yatatoroka. Nestori ananitazama tu, anatabasamu. Mume wangu! Bado nikiliandika neno hilo mkono unataka kuliandika tena. Mume wangu.

Wewe unajua kwamba anachora mabango. Saluni, duka la dawa, ukuta wa kanisa. Mji wetu huu mdogo, kati ya Kasulu na Kibondo, umejaa mkono wake. Sasa mji unataka nembo yake wenyewe, ya kuwekwa juu ya mlango wa ofisi ya mji, na kamati ya nembo ilimpa yeye kazi hiyo. Siku aliponiambia nilimrukia shingoni mbele ya wateja wake. Sikuona haya hata kidogo.

Nilitaka atuchore sisi wawili, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, tumeshika ngao, kama Bibi na Bwana wa kwenye nembo ya taifa. Akacheka. "Nchi imeshatuwahi, mke wangu."

Basi akachora ngao peke yake. Juu vilima vyetu, kulia mhindi, kushoto mkungu wa ndizi, chini mzinga wa nyuki. Na katikati jembe. Jembe jipya, jeusi, halina mpini.

Nilipoliona nililia.

Ni jembe la posa yangu. Nyumbani kwetu Muyama, kwa Waha, mwanamume akija kuoa, hata alete nini kingine, wazee wake lazima walete jembe jipya, na huja hivyo hivyo bila mpini. Lake lilikuja limefungwa shuka jeupe, shangazi yake amelipakata kama mtoto mchanga. Sisi tunaliita isuka. Wazazi wa Nestori, waliovuka kutoka Burundi kabla yeye hajazaliwa, nao wanaliita isuka. Siku ile hakuna aliyemuuliza mwenzake maana yake.

Ijumaa alipeleka mchoro, akarudi akaanza kuosha brashi zilizo safi. Nilimbembeleza mpaka akasema. Mjumbe mmoja, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka mkoa mwingine, aliangua kicheko: "Fundi, mpini umekatikia wapi? Hata jembe la Bibi na Bwana lina mpini! Tutaitwa mji wa majembe mabovu." Watu wakacheka, na Nestori naye akacheka, akajiandaa kueleza. Ndipo mwingine, mtu wa hapa hapa, akasema taratibu: "Labda huko kwao ng'ambo wanalimia hivyo."

Ng'ambo.

Mtu aliyezaliwa huku, aliyesoma huku, mwenye uraia wa nchi hii, aliyeandika majina ya nusu ya maduka yao. Akauchukua mchoro wake bila kueleza. Wamempa mpaka kesho: atie mpini, au kazi apewe mchoraji mwingine.

Jana nikampigia baba. Nilikuwa na hasira hata salamu sikuikamilisha.

"Nani kacheka?" akauliza. "Mtumishi? Huyo msameheni, ni mgeni. Na huyo wa pili?"

"Wa hapa hapa, baba."

"Huyo anajua. Muulize mama yake aliposwa kwa jembe la namna gani." Akakohoa, akacheka. "Jembe la posa haliji na mpini, mwanangu. Mpini anatia aliyelipokea. Mimi lako nimeshalitia, nalimia maharage nalo. Kali hilo!"

Jembe langu la mapenzi, lile nililodhani limewekwa kabatini na shuka lake, liko shambani linapasua udongo! Nilinuna kidogo, nakiri. Halafu nikakaa nikafikiri.

Mpini anatia aliyelipokea. Basi nembo ile inasema mji wetu umeposwa! Umeletewa jembe, na kila anayeishi hapa, Mha, mtumishi, mtoto wa waliovuka mpaka, anatakiwa achonge mpini wake aanze kulima. Kuna mji gani wenye nembo nzuri kama hiyo?

Nikamwambia Nestori. Alinisikiliza huku akisugua rangi kwenye kucha. "Ni vizuri," akasema. "Lakini mpini ni rangi ya kahawia tu. Dakika mbili."

Iliniuma kuliko kicheko cha wale wote.

Nikamwambia kesho nakwenda naye, nitasimama mimi, Mha wa Muyama, niliyeolewa kwa jembe hilo, niwaeleze. Akakataa. "Usije. Watasema mke ndiye anayenisemea." Najua anachoogopa zaidi. Akikasirika, Kirundi kinampanda mdomoni, Kiswahili kinajikwaa. Mimi napenda kujikwaa huko, ila wao watakisikiliza Kiswahili hicho kwa sikio jingine.

Na mimi je? Niseme ukweli. Nilimaliza kidato cha nne bila kusimama mbele ya darasa hata mara moja. Isitoshe bado ni bibi harusi mbichi. Wapo watakaosema mwali gani huyu ameshaingia vikaoni.

Tumekula maharage. Mvua imekatika. Nimetoa vyombo, nimeviosha, nimevifuta, nimekaa hapa kuandika kwa sababu mikono imekosa kazi. Mchoro uko mezani mbele yake na kopo la kahawia liko pembeni. Nimemwona amelifungua. Nimemwona amelifunga.

Sasa hivi, bila kuinua macho, ameniuliza:

"Kesho utavaa kitenge kipi?"