Asumini za Maskati

Jumatatu, 1 Desemba
Nimefagia uwani. Mwasumini umebeba matumba. Salma, mwanangu wa pekee, anaolewa; anapambwa Maskati Ijumaa ya tarehe 12. Leo wifi yangu Zuhura, mwenyeji wetu huko, kapiga simu: "Wifi, usijisumbue na asumini. Zitafika zishanyauka. Huku twavaa za plastiki."

Plastiki! Kichwani mwa mwanangu! Nimekasirika mpaka chai imepoa.

Jumatano, 3 Desemba
Simu yasema Mombasa hadi Maskati ni kilomita elfu tatu na mia saba hivi, kama saa tano angani ukinyoosha. Ndege yangu hainyooshi. Yapitia Nairobi, nakwenda ng'ambo ya bahari kwa kuanzia bara. Tena watu wa ndege huhesabu kiwanja hadi kiwanja. Mimi nahesabu mtini hadi kichwani: nichume Alhamisi alasiri, zifunguke Ijumaa usiku.

Nimejaribu. Matumba ya jana, ndani ya jani la mgomba, mkebeni. Yamefunguka mapema, yamekuwa rangi ya chai.

Jumamosi, 6 Desemba
Nimeweka barafu juu ya matumba. Yameungua kwa baridi. Nimelia.

Jumanne, 9 Desemba
Chupa ya barafu chini, kanga katikati, jani juu. Siku nzima yamefumba. Nimeyatoa kwenye joto la jikoni, yakafunguka moja moja. Mtaa wetu mzima wa Kuze umenukia. Mimi ndiye mimi!

Alhamisi, 11 Desemba
Nairobi, nangoja ndege ya pili. Askari wa uwanja wamenichukulia chupa. Maji hayaruhusiwi. Nimewaambia si maji, ni barafu. Nimeshindwa. Mkebe waanza kupata joto. Naogopa hata kuufungua.

Ijumaa, 12 Desemba
Siwezi kulala, acha niandike.

Binti wa kwenye ndege alinijazia barafu kwenye mfuko wa plastiki. Basi plastiki nayo ina siku yake.

Jioni nikasuka vikuba, vishada vya asumini na rihani, nikamvika Salma kichwani. Matumba kimya. Ukumbi baridi kama friji. Zuhura kakaa na sinia la maua yake ya plastiki, anatabasamu. Ndipo nikafahamu. Nikaomba mashine ya baridi izimwe. Wakanung'unika, wakazima. Tukaimba, tukatoka jasho. Mara harufu. Kwanza kidogo, kisha ukumbi mzima! Kichwa cha mwanangu kimekuwa cheupe pe. Vigelegele!

Zuhura akaja polepole. "Wifi, nami nipe kimoja."

Nimempa. Baada ya kumngojesha kidogo.

Jumatano, 17 Desemba
Nimerudi Kuze. Nyumba kubwa ghafla. Nimefua kila kitu isipokuwa ile kanga ya mkebeni.

Salma kapiga simu. Kasema mto wake bado wanukia, na hataki kubadilisha foronya.

Alasiri nimechuma matumba machache. Sikuwa na pa kuyapeleka. Nimesuka kikuba kimoja, nimejivalia mwenyewe, nikakaa uwani mpaka yakafunguka.