Dume Wetu Ametangulia Namboboto

Malaba, Jumapili

Shemeji Konsolata mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa kukukosesha ibada ili umngojee njiwa wangu. Tulipowaachilia njiwa wa mashindano hapa mpakani, dereva wa lori alicheka: "Mzee, huyo wako atashukia Tororo awe kitoweo!" Kabla ya kumtia tengani nilikuwa nimemwonyesha jike lake kidogo, kisha nikawatenga, ili arudi kwake mbio. Ndiyo mbinu ya marehemu dada yako, niliyoibishia miaka yote. Uliponipigia simu, "Shemeji, amefika wa kwanza!" nilirusha kofia juu katikati ya malori. Dereva akanipa mkono: "Mzee, nimekubali."

Tafadhali, ukipita kaburini, mwambie dada yako alikuwa sahihi, nami naomba radhi.

Shemeji yako mwenye shukrani,
Yakobo