Taya la Mume wa Bibi

Jumatatu, 8 Julai
Nimechota maji, nimefagia uwanja, nimemwogesha Shabani. Ana miaka sita, ndiye mdogo wangu, ndiye mume wa Bibi. Shavu limevimba zaidi. Bibi anamkanda kwa maji ya chumvi. "Mume wangu, jino lako hili lina kiburi."

Alhamisi, 11 Julai
Nilimweleza Mwalimu Zuhura wa Biolojia. Akaja nyumbani baada ya vipindi, akamtazama mdomoni. Meno matatu yanacheza. Kasema kesho apelekwe hospitali Kibiti, tusingoje. Bibi alinuna, kisha akaanza kufunga mzigo. Mungu amlipe mwalimu wangu.

Ijumaa, 26 Julai. Dar es Salaam
Kibiti walituleta huku. Walichukua kinyama cha uvimbe, wakapima. Saratani ya mitoki, yaani ya tezi za mwili, aina ya Burkitt. Naogopa. Daktari anasema hukua upesi, lakini ikiwahiwa dawa huiweza, nasi tumewahi. Chanzo chote hakijulikani. Malaria za mara kwa mara huichosha kinga ya mtoto. Tena kuna kirusi kinachopita kwenye mate. Aliposema mate, Bibi akatoka nje. Marehemu Mama alipougua, Bibi ndiye aliyemtafunia Shabani ndizi na kumlisha.

Jumatano, 31 Julai
Bibi hali nasi. Ana sahani yake, kando. Hamwiti tena mume. Shabani anatapika kwa dawa, na bado anamtafuta kwa macho. Nina hasira, sijui za nani.

Alhamisi, 1 Agosti
Nilimwuliza daktari mbele ya Bibi, makusudi. Akasema, "Bibi, hicho kirusi hata mimi ninacho. Karibu kila mtu hukipata utotoni. Ingekuwa mate peke yake, wodi hii isingewatosha watoto wa Rufiji."
Nikauliza, basi kwa nini Shabani na si mimi, nasi tunalala kitanda kimoja? Akakiri hajui. Nimemshukuru hata kwa hilo.
Usiku Bibi akala tena kando.

Ijumaa, 6 Septemba. Bungu
Tumeruhusiwa kuja nyumbani kabla ya dozi ijayo. Uvimbe umeshuka. Alhamdulillahi. Nywele hana.
Mchana wali na samaki. Bibi akasimama mlangoni na sahani yake.
"Mke wangu, umeniacha kwa ajili ya kipara?" Shabani akamwuliza.
Bibi akaketi nasi kwenye sinia. Akachambua miiba, akamtilia tonge mdomoni. "Mume gani huyu, hata samaki hajui kula."
Nimeosha sinia moja tu.