Baba Havui Glavu

Jumanne

Mwanangu,

Natumai hujambo, na kiuno hakijakatika kwa kuinamia hizo kura mnazohesabu. Sisi wazima, isipokuwa mguu wangu. Tangu nisimame kwenye ile foleni umevimba, hauingii kiatu. Msalimie na mlinzi wa mlangoni, maana najua anaisoma barua hii kabla yako. Hujambo, baba? Humu hamna siri, ni mama anamtumia mwanawe nguo kwa sababu mmemnyang'anya simu.

Dereva wenu wa chakula nimempa magauni mawili, sweta na dawa ya meno. Nguo chafu mrudishie yeye huyo huyo. Lakini mnamaliza lini? Redio inapiga muziki, halafu anatokea mtu anasema tuwe watulivu, halafu muziki tena. Jana nimeshona suruali ya mteja, miguu yote miwili imekuwa ya kushoto. Nimeifumua huku nawatukana nyote mlioko kwenye huo ukumbi, nisamehe.

Baba yako ndiyo usiseme. Amesimama mlangoni pa karakana na glavu zake za kuchomelea, anawahutubia mafundi wote wa safu yetu. Anasema fundi viatu wetu lazima ameshinda udiwani, na kama hakushinda basi ameibiwa. Hasira yake naielewa. Yule mwingine, wa chama cha samawati, ameapa kuvunja vibanda vyetu apate pa kuegesha magari. Akipita, cherehani yangu naipeleka wapi? Uvunguni?

Najua huruhusiwi kutaja matokeo. Lakini hata neno moja la kunipoza moyo, mwanangu, unakosa?

Mama yako

Jumatano

Mama,

Shikamoo. Pole na mguu. Ukande kwa maji ya chumvi na uache kukanyaga hiyo cherehani japo siku moja. Mimi mzima, ila macho yananiwasha. Mlinzi amecheka sana, anasema hajambo.

Neno la kukupoza sina, na ningekuwa nalo nisingekupa. Kura za kata yetu ziko meza nyingine kabisa. Sisi tunanyanyua karatasi, tunawaonyesha mawakala wa vyama, wanabishana, tunaiweka, tunanyanyua nyingine. Kuna mtu ameweka alama katikati ya wagombea wawili, akaandika "wote waongo". Mawakala wakaivutania hiyo mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana tunachelewa, Mama. Hakuna anayeiba. Tumechoka tu.

Kinachonikera ni kingine. Masanduku mengi yanafika mepesi, mengine nayabeba kwa mkono mmoja. Wanaopiga kelele huko nje wako wengi, lakini siku ya kura sijui walikuwa wapi.

Gauni la rangi ya damu ya mzee limemwagikiwa chai. Liloweke kabla doa halijakomaa.

Mwanao

Alhamisi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu umepungua kidogo, lakini moyo umevimba badala yake.

Nimefanya balaa bila kujua. Nimelifua gauni lako nikalianika mbele ya kibanda, peke yake kwenye kamba, maana nguo nyingine zilikuwa bado kwenye beseni. Sikufikiria kwamba damu ya mzee ndiyo rangi ya chama cha fundi viatu. Baba yako akaliona. "Mtoto ametuma ishara! Tumeshinda!" Sijafuta hata mikono, safu nzima inacheza. Fundi viatu kabebwa juujuu, kiatu cha mteja kiko mkononi. Nikawaambia jamani ni chai, limemwagikiwa chai! Nani asikie? Nikaona nisawazishe mambo, nikatundika shuka la samawati pembeni. Wakanizomea, eti nimehongwa. Mimi! Kwa shuka langu mwenyewe!

Na huyu mume wangu amenichosha. Anakula kwa kijiko, glavu haivui hata mezani. Nikimwuliza anasema ameungua. Nikimwambia nione, anahamia kwenye habari za wizi wa kura.

Semeni basi huyo mshindi ni nani tupumue. Mnatufanya wendawazimu.

Mama yako

Jumamosi

Mama,

Shikamoo. Natumai mguu unaendelea vizuri. Mlinzi yupo, ila siku hizi hacheki.

Habari za gauni zimefika humu ndani. Mawakala wa samawati wamegonga meza, wakadai natoa siri kwa kamba ya nguo. Meza yetu yote imeanza kuhesabu upya, na mimi nimeondolewa. Sasa nagawa chai. Mwalimu wa hesabu mzima, nawapimia watu sukari! Nimelia jikoni kwa hasira, sikufichi. Wenzangu hawanisemeshi. Tulikuwa karibu kumaliza, na waliotuchelewesha ni nyinyi hao hao mnaolalamika kuwa tumechelewa.

Nina swali moja. Siku ya kura wewe na Baba mlikwenda pamoja? Mwambie avue hiyo glavu, Mama. Nataka kujua kama ana wino kidoleni.

Mwanao

Jumatatu

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa hiyo chai unayogawa. Mguu sasa unaingia kiatu. Mwambie mlinzi leo asome taratibu, hamna haraka tena.

Hatukwenda pamoja. Mimi nilikwenda asubuhi, yeye akasema atafuata mchana akimaliza geti la mteja. Sikumwuliza tena. Nani anamwuliza baba yako, kwa maneno yale yote?

Jana mafundi walikusanyika hapa, wanataka kwenda kwenye ukumbi wenu kudai kura zao. Baba yako ndiye yuko mbele, kashika nondo. Nikasimama njiani na mguu wangu. Nikasema, "Anayekwenda kudai kura yake aninyanyulie kidole chenye wino, nitampisha."

Fundi viatu akanyanyua chake. Seremala akanyanyua. Wengine wakaanza kutazama chini, mmoja akatia mkono mfukoni, mwingine akakumbuka kwamba ameacha moto kwenye jiko. Wakapungua hivyo hivyo, tukabaki wachache na baba yako na glavu zake.

"Vua," nikamwambia.

"Mke wangu, mbele za watu?"

"Vua."

Akavua. Kidole cheupe pee, hakina wino wala kovu la moto. Akasema foleni ilikuwa ndefu, mteja alikuwa anasubiri geti, na alijua wengine watatosha. Fundi viatu akarudi kibandani kwake akaendelea kugonga soli. Heri angemtukana.

Leo wametangaza. Fundi viatu ameshindwa, kwa kura chache mno. Waliotazama chini jana wangetosha na kubaki. Mshindi amesema redioni kwamba tingatinga zinakuja mwezi ujao. Hakuna aliyepiga kelele. Hata wa kusema tumeibiwa hakupatikana.

Nina hasira, mwanangu, na sijui niipeleke wapi, maana mwenye kosa analala kitanda kimoja na mimi. Njoo nyumbani upumzike. Gauni lako limetakata, doa limetoka.

Baba yako tangu asubuhi anaung'oa mlango wa karakana, ule aliouchomelea mwenyewe, wewe ukiwa mtoto. Anasema hataki uvunjwe na watu wengine. Bawaba zina kutu na zinakata, nikampelekea glavu zake. Amekataa kuzivaa.

Mama yako