Mishipa ya Kabula

Masanja mwanangu,

Mwangaluka. Mmeamkaje hapo Nkololo, na pamba imeota? Mimi huku Dar magoti yananisumbua ila nakula. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia kwa vidole hivi vilivyozoea jembe. Soma yote.

Mkeo Kabula, niliye naye huku kwa matibabu, si mvivu, hajalogwa, wala hana chango. Yule mganga aliyemchanja chale tumbo zima alimuumiza bure. Na huko walikompima utrasaundi wakasema mzima, walimpima amelala tu. Daktari wa huku, mama mtu mzima, alimwambia asimame, abane pumzi, asukume kama anajifungua. Nilikuwemo, nikaona kwenye kioo cha mashine. Mishipa ya damu ndani ya nyonga imevimba na kujikunja kama utumbo wa kuku. Damu badala ya kupanda inarudi chini, inatuama. Daktari anasema uzazi wa mara nyingi huilegeza. Ndiyo maana akishinda amesimama shambani jioni anajikunja, akilala anapata nafuu. Ndiyo maana ukimaliza mambo yako usiku analia. Usione aibu, nimekuzaa mimi.

Tiba ipo. Wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa shingo hadi huko chini, wanaiziba ile mibovu. Tumbo hawapasui. Amepangiwa Alhamisi.

Sasa jana kaka yake Kabula kapiga simu. Kumbe umemtuma baba yako mdogo kwao Ipililo kudai ng'ombe warudi, eti ulipewa mke mbovu. Watoto aliokuzalia nao utawarudisha? Kabula amekunja nguo zake, hataki tena matibabu. Nikamgombeza. Akaniuliza taratibu, "Mama, nikipona nirudi kwa nani?"

Mimi ambaye mnanijua kwa mdomo, nikachukua kalamu.

Leo Jumatatu nampa barua hii kondakta wa basi la Bariadi, kesho utakuwa nayo. Nenda Ipililo mwenyewe, ukamwombe radhi mkweo. Halafu mpigie Kabula, si mimi, umwambie nyumba ni yake. Asipokusikia kabla ya Alhamisi, nitamsindikiza kwao, na uzee wangu nitaumalizia huko huko, kwake.

Nisalimie dada yako anayekaa na wajukuu zangu. Waambie mama yao anakula. Baba yako mdogo usimsalimie.

Ni mimi mama yako, na mama wa Kabula.