Upande wa Dirishani

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Natoka kwenye kile kikao cha maoni kuhusu pendekezo la kufuta kura ya siri ili tuwe tunajipanga mstari nyuma ya mgombea. Si unajua mtaa mzima ulivyokuwa unalalamika? Na mume wangu ndiye mkali kuliko wote. Jana tu kagonga meza, “Hatukubali!”

Basi ofisa anayeendesha kikao akasema wanaokubali wabaki wamekaa, wanaopinga wakasimame dirishani. Dirishani, shoga! Na bosi wetu wa manispaa, wangu na wa mume wangu, yuko pale mbele anatukodolea macho.

Nikaenda. Kugeuka, niko peke yangu.

PEKE YANGU. Yule fundi cherehani wa mtaani kwetu, naye alikuwa analalamika, anachezea simu. Mume wangu kainama, eti anafunga kamba za viatu. Na kavaa ndala. Ndala!

Ofisa akacheka, “Mnaona njia hii ilivyo rahisi? Hata kuhesabu hakuna.”

Njiani nikamuuliza mume wangu kwa nini. Kajibu bila kunitazama, “Mmoja wetu lazima abaki na kazi.”

Shoga, alishaamua ni nani kabla sijafika dirishani.