Hotpoti ya Mama Upendo

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini wewe ndiye uliyekuwa unanirudisha mlangoni nikiingia bila kuamkia, kwa hiyo nimeamkia kwanza ndipo nilalamike. Maana nimekuja na malalamiko. Nimekaa nayo tangu arobaini yako ipite. Mdogo wangu Yona amechoka kunisikiliza, wateja wangu pale saluni Chang'ombe wamechoka, na sasa nimeona nimwandikie mwenye mali mwenyewe.

Ni kile chumba chako cha nyuma.

Tumeamua Baba asilale tena sebuleni. Unajua tangu kiharusi kimshike mguu analala kwenye kochi, na akitaka kwenda chooni anapita korido nzima ameshika ukuta. Tangu uondoke ameshaanguka zaidi ya mara moja, na safari ya mwisho nilimkuta amekaa sakafuni anasema alikuwa anapumzika tu. Chumba cha nyuma kimepakana na choo. Kitanda tumepata, godoro tumepata, kazi ilibaki moja ya kufungua mlango. Nikausukuma, ukagoma katikati, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na ndoo.

Ndoo ndani ya ndoo, Mama. Ndoo za rangi ulizokwenda kuwaomba mafundi waliokuwa wanamalizia nyumba ya jirani. Madumu ya mafuta ya kula. Mabeseni yaliyopasuka. Makopo ya siagi yaliyooshwa yakapangwa mpaka darini. Chupa za chai zilizokufa zamani. Mfuko uliojaa mifuko, na ndani yake mfuko mwingine uliojaa mifuko. Mifuniko isiyo na vyombo na vyombo visivyo na mifuniko, nikakaa chini kuvioanisha kama mshenga, hakuna hata kimoja kilichomkubali mwenzake. Nikapiga chafya mpaka macho yakavimba kwa lile vumbi.

Nilikuwa nakuuliza kila nikija. Mama, haya makopo ni ya nini? Na wewe unajibu bila hata kugeuka, "Kwani yanakuomba ugali?" Nikisema nitoe machache, unaanza habari za maji, kwamba sisi tumezaliwa na bomba, kwamba wewe umekulia Chemba unachota maji kwenye shimo la mchanga, kwamba siku mgao ukipita wiki mbili nitakutafuta. Sawa. Mgao ulikuja mara ngapi? Na kila ukija tulihangaika na ndoo zetu zile zile za jikoni, za chumba cha nyuma ulizikataza zisiguswe. Nilikuwa nakasirika mpaka naondoka bila kula.

Yona akasema aite kirikuu, wapakie vyote, wakatupe. Baba akasikia. Maneno yake siku hizi yanatoka kwa shida, lakini hilo lilitoka lote, "Vitu vya Mama Tabitha havitupwi." Basi ikawa kazi. Natoa ndoo uani, nikigeuka naikuta mlangoni, Baba ameisukuma kwa fimbo yake. Nimegombana na mgonjwa juu ya kopo la siagi, Mama, na majirani wanasikia. Ukoo mzima ulikuja kugawana vitenge na khanga zako, shangazi nusura washikane kwa doti moja ya zambarau, lakini hayo madude hakuna aliyeyauliza. Yakaniangukia mimi.

Nikaamua kuyatoa Baba akiwa anaota jua. Ukuta wa makopo ulipoanguka, nyuma yake nikaona vitu vimefungwa kwenye khanga, vimepangwa chini vizuri sana. Bakuli za udongo, sahani, sufuria ndogo, na hotpoti moja ya kijani yenye maua. Safi. Havina hata vumbi, ina maana ulikuwa unaingia kuvifuta. Nikasema moyoni, kumbe, sahani za wageni alizifungia huku. Sisi tumekula kwenye plastiki maisha yetu yote na yeye ana bakuli za udongo. Hapo nilikuchukia kidogo, nikwambie ukweli.

Nikageuza bakuli la kwanza. Chini kuna nukta mbili za rangi ya kucha, nyekundu. Nikageuza la pili, kuna herufi J. Sahani ina mstari wa bluu. Mama, alama yako ninaijua, ni msalaba mweupe, mimi ndiye niliyekuwa nakuchorea kabla ya kila shughuli ili vyombo vyako visipotelee kwa watu. Nimegeuza kimoja kimoja nikitafuta msalaba. Hakuna. Hotpoti ilikuwa na M.U., ile rangi ya kucha ya waridi ambayo jirani yetu Mama Upendo anapaka mpaka leo.

Nilikaa pale chini na vyombo vya mtaa mzima mapajani. Nilijua tu wewe si mwizi. Lakini akili ilikataa kunipa jibu lingine.

Nikambebea Baba ile hotpoti uani nikamwekea magotini. Akakipapasa kifuniko chake kwa kidole. Halafu akasema, kipande kwa kipande, kwamba ilikuja na wali na nyama, wiki ile aliporudi kutoka hospitali. Kwamba majirani walileta chakula kila siku, kwa zamu, mpaka akaweza kukaa. Na kwamba wewe ulisema utavirudisha ukipata cha kuweka.

Ukipata cha kuweka.

Najua, Mama. Mtaani kwetu chombo kilicholeta chakula hakirudi hivi hivi. Utaweka mayai, utaweka viazi, ukikosa kabisa utaweka hata chumvi kiganja kimoja. Wewe ndiye uliyenifundisha, ulikuwa unanituma na bakuli la watu nimelifunika na kitambaa, limejaa mlenda wa unga, unaniambia nitembee taratibu. Na mwaka ule Baba alipoanguka hatukuwa na kitu, mimi nilikuwa bado nanyoa na kusuka kwenye saluni za watu, Yona hana kazi. Hilo ninalielewa. Lakini Mama, mwaka ulipita. Saluni ikafunguka. Shamba lako la Chemba lilikuwa linatoa karanga, kila mavuno gunia linafika hapa. Kwa nini hukuweka karanga? Nakujua, najua ulivyofikiri. Umeletewa wali na nyama, huwezi kurudisha karanga. Unasubiri nyama. Hela ya nyama ikipatikana, inaliwa na ada, ama dawa za Baba. Na kadiri unavyochelewa ndivyo aibu inavyokua, mpaka mayai hayatoshi, mpaka kuku mzima hatoshi. Ukavifunga na khanga, ukavijengea ukuta wa makopo ili mtu akiingia asivione. Na sisi tukadhani unapenda makopo.

Na Mama Upendo je? Hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Mlikuwa kitu kimoja. Mmeimba sauti moja kwaya tangu sijaolewa, mmetwanga pamoja, sare zenu za kitenge mlishona kwa fundi mmoja. Nyumba yake iko mbele ya yetu, barabara tu katikati. Halafu ukaanza kupita njia ya nyuma kwenda gengeni. Ukahamia ibada ya kwanza wakati yeye anasali ya pili. Nilipokuuliza mmekosana nini ukasema, "Watu wazima wana mambo yao." Nikachukulia kwamba yeye ndiye mbaya. Kwenye msiba wako alikaa uani na wamenya vitunguu, hakuingia ndani hata mara moja, na mimi nikamwangalia kwa jicho baya siku zote zile. Mtu aliyemlisha mume wako, nikamwangalia kwa jicho baya.

Nilikaanga karanga. Zile za mwisho, ulizozipanda mwenyewe na hukuzivuna, mjomba alizileta baada ya kuzika. Nikajaza hotpoti mpaka juu nikavuka barabara. Mama Upendo alikuwa anafagia, lile vumbi letu la Ipagala na upepo huu wa kiangazi, anafagia na linarudi. Nikamwamkia. Akaitikia bila kusimamisha ufagio. Nikamnyooshea hotpoti.

Hakufungua. Aliigeuza kwanza, karanga zikahamia upande mmoja ndani, akaangalia zile herufi zake. Halafu akakaa kwenye ngazi. Akaniuliza, "Mlikuwa nayo?" Nikamweleza yote, na mimi najua kueleza nikiwa na hasira, sikuacha kitu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nilidhani nimemkosea." Akasema alikaa miaka yote akijipekua, ni neno gani alilosema, labda ule wali ulikuwa mbichi, labda alimwangalia Baba kwa huruma iliyozidi ukaudhika. Alikuwa anakusubiri uje umtukane ili ajue kosa lake akuombe msamaha. Hiyo hotpoti alishaisahau kabisa. Ana nyingine.

Alishaisahau, Mama. Umesikia?

Halafu akasema, "Si angekuja nayo tupu tu." Na akalia. Na mimi nikaondoka haraka kwa sababu ningebaki ningesema jambo baya juu yako, na wewe umelala kule Chemba huna wa kukutetea. Nilivuka barabara nalia kwa hasira.

Vingine vyote nimevirudisha wiki hiyo, kila kimoja na karanga ndani. Mama Jeni alicheka mpaka akashika mbavu, eti alishamshtaki wifi yake kwa bakuli lile. Kuna aliyehama, sahani yake nimeipeleka kanisani. Kuna aliyekataa kabisa kwamba si chake, na alama yake naiona, nikamwachia mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyesema neno baya. Hata mmoja, Mama. Kumbe ulikuwa unajificha peke yako.

Makopo Baba amekubali yaondoke, baada ya kuona kilichokuwa nyuma yake. Amebakiza ndoo moja ya rangi, anakalia akioga. Sasa analala chumba cha nyuma. Dirisha ulilokuwa umeliziba kwa mabeseni linaingiza jua la asubuhi, na huko chooni anajipeleka mwenyewe kwa fimbo yake, ananifukuza nikitaka kumshika.

Na jana, Mama, nasikia hodi. Hodi ya mtu anayeijua nyumba, anabisha huku ameshaingia. Mama Upendo. Amepita sebuleni, amepita korido, ameingia moja kwa moja kwa Baba, hajaingia nyumba hii tangu mwaka ule. Amemsalimia kwa Kigogo kama mlivyokuwa mnataniana, Baba akacheka kwa upande ule mmoja unaocheka. Mkononi amebeba nini? Hotpoti ya kijani yenye maua. Ameileta na makande ya moto ya kunde, yale unayoyajua, na ameondoka ameiacha.

Basi hotpoti imerudi. Nimeiosha, nimeikausha, iko mezani hapa mbele yangu wakati naandika. Mkono wangu wenyewe ushakwenda kabatini kutafuta cha kuweka. Karanga zimebaki kidogo. Mayai yapo. Nimefikiria hata kumtuma Yona akachukue nyama. Halafu nimeangalia hizo herufi za waridi, nikafunga kabati.

Nimekukasirikia, na bado nimekasirika, na nakukumbuka kila nikigeuza sahani. Pumzika huko, usihangaike tena na vyombo vya watu. Nakuahidi hiki hakitalala hapa siku ya tatu. Kesho asubuhi, nikishampa Baba chai, navuka barabara mchana kweupe, napita njia ya mbele, nampa Mama Upendo hotpoti yake mkononi, tupu.

Mwanao,
Tabitha